Maudhi na Madhara: Historia ya Dawa za Kifua Kikuu katika Afrika ya Mashariki

Kila dawa yenye nguvu ina nyuso mbili. Uso mmoja huyaelekea maradhi, na uso wa pili huuelekea mwili wa mgonjwa. Wahenga walisema kuwa mficha maradhi kifo humuumbua, na aghalabu usemi huo hutumiwa kumwonya mgonjwa asiyetaka kusema analougua. Lakini historia ya dawa za kifua katika Afrika ya Mashariki yaonyesha kuwa onyo hilo lamhusu pia mwenye kutoa dawa, kwa sababu dawa nayo ina mambo yake, na mambo hayo yakifichwa, kifo huyaumbua vile vile.

Kenyamonta ni kata ya Wilaya ya Serengeti katika Mkoa wa Mara, katika nchi ya Wangoreme, watu wa jembe na ng'ombe. Mgonjwa wa kifua kikuu wa huko, kama mwenzake wa Dar es Salaam au wa Mombasa, huanza tiba yake leo kwa vidonge ambavyo kila kimoja kimekusanya dawa nne. Siku ya kwanza tu ya kuvimeza, mkojo wake hugeuka rangi ya chungwa, na machozi na jasho huweza kufuata. Ikiwa aliambiwa mapema, hucheka akaendelea na shughuli zake. Ikiwa hakuambiwa, hudhani kuwa ni damu; hudhani kuwa dawa inamwua; na yamkini vidonge vitaishia uvunguni mwa kitanda. Kikohozi kitarudi, na safari hii huenda kikarudi na viini vilivyokwisha jifunza kuishinda dawa. Kwa hiyo neno moja lisilosemwa katika chumba cha mganga laweza kuharibu kazi ya karne nzima ya wataalamu.

Katika zahanati za Tanzania hutumika maneno mawili ambayo huchanganywa upesi. La kwanza ni maudhi: kichefuchefu, mkojo wenye rangi, viungo kuuma kidogo, mambo ambayo mgonjwa huombwa ayavumilie. La pili ni madhara: ini kuharibika, macho kufifia, masikio kuziba, ngozi kubabuka, mambo ambayo hayavumiliwi hata siku moja bila ya kumwona mganga. Mpaka baina ya maneno haya mawili haukuchorwa katika siku moja. Ulichorwa polepole, tena kwa miili ya watu, na sehemu kubwa ya watu hao walikuwa wa Kenya, Uganda na Tanzania. Hiyo ndiyo historia inayostahili kusimuliwa.

Tarehe 24 Machi, 1882, Robert Koch aliwatangazia wataalamu wenzake mjini Berlin kwamba amekiona kiini kinacholeta kifua kikuu. Kujua adui, hata hivyo, si kumshinda. Dawa aliyoitangaza Koch mwaka wa 1890 haikuponya. Miaka kumi na sita baadaye, yaani mwaka wa 1906, Koch huyo huyo alikuja Ziwa Viktoria, ziwa ambalo Mkoa wa Mara umepakana nalo, kupambana na malale katika visiwa vya Sese. Aliwapiga wagonjwa sindano za atoksili, dawa iliyotengenezwa kwa aseniki. Wengi walipata nafuu kwa muda; lakini kipimo kilipoongezwa ili dawa ipate nguvu zaidi, baadhi yao walipofuka kabisa. Malale si ugonjwa wa kifua, lakini tukio lile lilikuwa somo la kwanza kubwa la nchi za Ziwa juu ya uso wa pili wa dawa za kizungu, nalo halikusahauliwa upesi.

Kwa kifua kikuu chenyewe hapakuwa na dawa kwa muda mrefu. Mwaka wa 1926 hospitali ya Kibong'oto ilianzishwa chini ya Mlima Kilimanjaro, mahali penye hewa baridi na safi. Tiba ya hospitali za namna hiyo katika dunia yote ilikuwa moja: pumziko, chakula chema na hewa. Tiba hiyo haikuwa na madhara ya kuandikwa, wala haikuwa na nguvu ya kukiua kiini; mwili wa mgonjwa uliachiwa vita vyake wenyewe. Tena kwa mtu wa Ungoreme, Kibong'oto palikuwa mbali mamia ya kilomita, na mbuga za Serengeti zimelala katikati. Kwenda huko kulikuwa ni kuiacha nyumba, shamba na zizi bila ya kujua siku ya kurudi.

Mlango ulifunguliwa mwaka wa 1943, wakati Albert Schatz, mwanafunzi katika maabara ya Selman Waksman huko New Jersey, Marekani, alipotoa streptomaisini katika viumbe vidogo vya udongo. Dawa hiyo huingia katika kiini cha maradhi na kuvuruga mtambo wake wa kujengea protini. Kiini huendelea kujenga, lakini hujenga makosa matupu, mpaka kinakufa. Uingereza ilipopata kiasi kidogo tu cha dawa hiyo baada ya vita, Baraza lake la Utafiti wa Tiba liliwagawa wagonjwa 107 kwa bahati nasibu. Wagonjwa 55 walipewa sindano pamoja na pumziko la kitandani, na 52 walipewa pumziko peke yake. Taarifa ya mwaka wa 1948 ilieleza kuwa baada ya miezi sita walikuwa wamekufa 4 katika kundi la kwanza na 14 katika kundi la pili.

Furaha ile ilifuatwa na mambo mawili mazito. La kwanza ni kuwa ile streptomaisini inayowaua viini huudhuru pia mshipa wa fahamu wa sikio la ndani, ambako ndiko kwenye mizani ya mwili. Wagonjwa waliona kizunguzungu, wakapepesuka kama walevi, na wengine wakapoteza kusikia bila ya kukurudishiwa tena. La pili ni usugu. Katika mamilioni ya viini vya pafu moja bovu, vichache huzaliwa na kasoro ambayo dawa haiwezi kuigusa. Dawa ikiwa moja, huwaua wengi na kuwaachia uwanja wale wachache, nao huzaana. Ndiyo maana baada ya miaka michache ile tofauti ya vifo baina ya makundi mawili ilipungua sana. Hapo ikatambulikana kanuni ambayo haijavunjwa mpaka leo: kifua kikuu hakitibiwi kwa dawa moja. Kiini kinachoikwepa dawa ya kwanza lazima kikutwe na ya pili.

Dawa ya pili ilikuwa PAS, iliyobuniwa na Jörgen Lehmann wa Sweden. Mgonjwa alitakiwa ameze gramu 10 au zaidi kila siku, na tumbo lake lilichafuka kwa kichefuchefu na kuhara. Mwaka wa 1952 ikaja isoniazidi, dawa rahisi, yenye nguvu nyingi, na ya kumezwa. Kiini cha kifua kikuu hujivika koti la nta ambalo humlinda na silaha za mwili. Isoniazidi huzuia kushonwa kwa koti hilo, na kiini kinachokua bila ya koti hupasuka. Madhara yake yalijulikana baadaye kidogo. Hupunguza mwilini vitamini ya B6, na mgonjwa huanza kuhisi ganzi na moto katika nyayo na vidole. Wapo watu ambao ini lao huivunja isoniazidi kwa upesi, na wapo ambao ini lao huivunja polepole, kila mmoja kwa jinsi alivyozaliwa. Hawa wa pili ndio wanaopata ganzi zaidi. Kidonge kidogo cha vitamini hiyo chatosha kuizuia. Hapa ndipo wataalamu walipoona wazi kwamba dawa moja, kwa kipimo kimoja, si dawa moja katika miili miwili.

Swali la Afrika ya Mashariki likawa hili: nani atalipa? PAS ilikuwa ghali, nzito kuisafirisha, na mbaya kinywani. Katika miaka ya 1950 Baraza la Utafiti wa Tiba la Uingereza lilishirikiana na madaktari wa Kenya, Uganda na Tanganyika kutafuta mwenzi wa bei nafuu wa isoniazidi. Walirudi kwenye dawa ambayo Ulaya ilikuwa imekwisha kuiweka kando, yaani thiasetazoni, iliyotokana na kazi ya Gerhard Domagk wa Ujerumani. Tangu taarifa ya kwanza ya mwaka wa 1960 na zile zilizofuata, ilionekana kuwa miligramu 150 za thiasetazoni pamoja na miligramu 300 za isoniazidi, katika kidonge kimoja kwa siku, ziliweza kufanya kazi iliyofanywa na PAS kwa sehemu ndogo tu ya gharama. Thiasetazoni peke yake ni dawa dhaifu. Kazi yake kubwa ilikuwa ulinzi: kuvikamata viini vichache vinavyoikwepa isoniazidi.

Uso wa pili wa thiasetazoni ulikuwa wa ngozi. Baadhi ya wagonjwa walitokwa na upele, na wachache sana walibabuka mwili mzima. Uchunguzi uliofanywa katika nchi nyingi katika miaka ya 1960 ulionyesha jambo la ajabu, kwamba madhara hayo hayakuwa sawa kila mahali. Yalikuwa mengi katika baadhi ya nchi za Asia, nayo yalikuwa machache katika Afrika ya Mashariki. Basi uamuzi ukawa mwepesi. Dawa ilikuwa rahisi, watu walikuwa maskini, na miili ya watu hao ilionekana kuistahimili. Upele ukahesabiwa katika maudhi. Kwa wakati ule uamuzi huo haukuwa wa uzembe. Ulisimama juu ya ushahidi, nao uliokoa maisha ya watu ambao bila ya kidonge kile wasingalipata dawa yoyote.

Wakati huo huo habari njema nyingine zilitoka Madras, Bara Hindi. Uchunguzi wa mwaka wa 1959 ulithibitisha kuwa mgonjwa anayetibiwa nyumbani kwake hupona sawasawa na yule anayelazwa, hata kama nyumba yake ni ya kimaskini, wala hawaambukizi jamaa zake zaidi. Kwa mtu wa Kenyamonta neno hili lilikuwa kubwa kuliko linavyosikika. Maana yake ni kuwa dawa ingeweza kumfuata mgonjwa, badala ya mgonjwa kuifuata dawa hadi Kilimanjaro. Lakini maana yake ya pili ni kuwa mgonjwa atakuwa peke yake pamoja na madhara yake, mbali na jicho la mganga, na mlinzi wake wa kwanza atakuwa elimu aliyopewa siku ile alipokabidhiwa vidonge.

Hata hivyo tiba bado ilikuwa ndefu, mwaka mmoja au zaidi, na wengi waliiacha njiani mara walipojisikia wazima. Jawabu lilitafutwa tena katika ardhi hii hii. Kuanzia mwaka wa 1970 wagonjwa wa Kenya, Uganda, Tanzania na Zambia walishiriki katika majaribio ya tiba ya miezi sita, na matokeo ya kwanza yalitolewa mwaka wa 1972. Silaha mpya zilikuwa mbili. Rifampisini huziba kinywa cha mtambo ambao kwao kiini hunakili amri zake za uhai, na huwaua hata viini ambavyo huamka kwa muda mfupi na kulala tena. Pirazinamidi ina tabia ya peke yake: hufanya kazi penye uchachu, yaani mle ambamo viini hujificha ndani ya uvimbe, mahali ambapo dawa nyingine hazivifikii vema. Kwa msaada wa dawa hizi, wagonjwa waliorudiwa na maradhi baada ya miezi sita tu ya tiba walikuwa wachache. Vitabu vya tiba vya dunia nzima vinavyofundisha tiba fupi vimesimama juu ya makohozi ya wagonjwa hao wa Afrika ya Mashariki.

Nazo hazikuja bila ya uso wa pili. Rifampisini ndiyo inayotia mkojo rangi, jambo la maudhi tu. Lakini pia hulichochea ini kuzivunja dawa nyingine upesi mno, zikiwamo vidonge vya uzazi wa mpango na baadhi ya dawa za Ukimwi. Mwanamke asiyeambiwa hilo aweza kushika mimba asiyoitazamia. Pirazinamidi huleta maumivu ya viungo. Na hizi mbili pamoja na isoniazidi zote huweza kulidhuru ini, hasa la mtu mwenye kunywa pombe kwa wingi. Macho yakiwa manjano, hamu ya chakula ikitoweka na matapishi yakizidi, hayo si maudhi tena. Vidonge husimamishwa siku ile ile, na mgonjwa hupelekwa hospitali.

Tanzania, baada ya Azimio la Arusha la mwaka wa 1967, iliazimia kuyafikisha matibabu vijijini. Mwaka wa 1973 kampeni ya redio ya Mtu ni Afya iliwakusanya watu wapatao milioni mbili katika vikundi vya kusoma na kujadiliana juu ya maradhi, nacho kilikuwa kielelezo cha jinsi Kiswahili kinavyoweza kuichukua elimu ya tiba hadi barazani. Mwaka wa 1977 ukaanzishwa mpango wa taifa wa kupambana na kifua kikuu na ukoma, ukisaidiwa na mtaalamu Karel Styblo. Wagonjwa walipewa dawa nne kwa miezi miwili chini ya uangalizi, kisha thiasetazoni na isoniazidi kwa miezi sita. Matokeo yalikuwa mazuri hata katika miaka ya 1990 Shirika la Afya Duniani likaifanya njia hiyo kuwa mfano wa dunia. Nchi maskini ilikuwa imewafundisha matajiri.

Lakini ndani ya ushindi huo mlikuwa na thiasetazoni, na mwili wa mgonjwa ulikuwa umebadilika. Mwaka wa 1983 wagonjwa wa kwanza wa Ukimwi wa Tanzania walitambuliwa katika Mkoa wa Kagera, ng'ambo ya pili ya Ziwa kutoka Mara. Ukimwi hubomoa ulinzi wa mwili, na kifua kikuu huingia kwa mlango huo. Wagonjwa walipewa kidonge kile kile kilichoaminiwa kwa miaka 30. Mwaka wa 1991 uchunguzi uliofanywa Nairobi ulitoa hesabu ya kutisha. Miongoni mwa wagonjwa wenye virusi vya Ukimwi, karibu mmoja kati ya watano alipatwa na madhara ya ngozi. Miongoni mwa wasio na virusi, alikuwa karibu mmoja tu kati ya mia. Baadhi yao walibabuka ngozi mwili mzima kama watu walioungua moto, na wengine walikufa, si kwa kifua kikuu, bali kwa dawa yake.

Mjadala ulizuka. Wako waliosema kuwa thiasetazoni iachwe mara moja. Wako waliosema kuwa dawa ya kuchukua nafasi yake, ethambutoli, ni ghali, na kwamba kuikataza dawa rahisi bila ya kuwa na nyingine ni kuwanyima wengi tiba. Basi itumiwe kwa hadhari, na kila mgonjwa aonywe aiache mara mwili ukimwasha. Pande zote mbili zilikuwa na hoja. Kilichokuwa hakina hoja ni kumpa mtu kidonge kile akae kimya nacho. Hatimaye Shirika la Afya Duniani lilishauri kwamba asipewe mtu mwenye virusi, na polepole ethambutoli ikachukua mahali pake. Nayo ina sharti lake: huweza kuudhuru mshipa wa fahamu wa jicho, na dalili ya mapema ni kushindwa kupambanua nyekundu na kijani. Mgonjwa akijua hilo, husema mapema na jicho hupona. Asipojua, hungoja mpaka giza.

Sura ya mwisho yaturudisha Kibong'oto. Mwaka wa 2009 hospitali hiyo ilianza kuwatibu wagonjwa wa kifua kikuu sugu, ambao viini vyao havisikii tena isoniazidi wala rifampisini. Katika nchi nyingi tiba ya maradhi hayo kwa miaka mingi ilikuwa sindano za kila siku za kanamaisini na ndugu zake, ambazo ni jamaa wa streptomaisini. Madhara yalikuwa ya ukoo ule ule: watu walipona mapafu wakatoka viziwi. Mwaka wa 2018 Shirika la Afya Duniani liliacha kuipendekeza kanamaisini, na bedakwilini, dawa ya kumeza inayoukatia kiini chanzo cha nguvu zake, ikapewa nafasi ya mbele. Mwaka wa 2022 ikapendekezwa tiba ya vidonge vitupu ya miezi sita. Hata hiyo haikuepukana na mizani: bedakwilini huweza kuyabadili mapigo ya moyo, na mwenziwe linezolidi huleta ganzi na upungufu wa damu. Tofauti ni kuwa leo mambo hayo huchunguzwa kwa kipimo tangu siku ya kwanza, badala ya kungojewa yajitokeze.

Historia hii ikitazamwa kwa jumla, huonekana kuwa na uzi mmoja. Atoksili iliwapofusha watu kwa kuwa kipimo kiliongezwa kuliko mwili unavyostahimili. Streptomaisini iliwaziba masikio watu ambao hawakuwa na dawa nyingine ya kuchagua. Thiasetazoni ilikuwa maudhi kwa kizazi kimoja na kifo kwa kizazi kilichofuata, ingawa kidonge hakikubadilika hata chembe. Kwa hiyo mpaka baina ya maudhi na madhara haumo katika dawa peke yake. Umo katika dawa, katika mwili unaoipokea, na katika wakati. Na mtu wa kwanza anayeweza kuona kuwa mpaka umevukwa si daktari wala mtaalamu wa maabara; ni mgonjwa mwenyewe, asubuhi, nyumbani kwake, anapojitazama mikono na macho.

Hapa ndipo kazi ya lugha inapoanza. Mganga wa zahanati ya Kenyamonta huandika kwa Kiswahili. Bibi aliyemjia huenda anawaza kwa Kingoreme. Na jina la dawa limetoka Ulaya. Baina ya hao watatu maneno machache lazima yapite salama: mkojo utabadilika rangi, usiogope, nyayo zikiwa na ganzi, sema, macho yakiwa manjano au yakififia, mwili ukiwasha, acha uje leo, usingoje kesho, na ukijisikia mzima, usiache. Maneno hayo hayazidi dakika tano, wala hayana bei. Wanaodhani kuwa mgonjwa akitajiwa madhara ataiogopa dawa wamelisoma jambo kinyume. Mtu huikimbia dawa inayomshtua, na humshtua ile ambayo hakuambiwa habari zake.

Elimu ya kuvishinda viini vya kifua kikuu imejengwa kwa sehemu kubwa juu ya miili ya watu wa nchi hizi. Ni haki yao, na ya watoto wao, kwamba elimu hiyo irudi kwao yote kamili, na nyuso zake zote mbili.